Turubai, bati na safari ya Njabini: Jinsi tulivyoivisha nguo pikapu ya marehemu Baba

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikuwahi kufikiri kuwa methali hiyo yaweza kuihusu pikapu hadi Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, nilipopitisha mkono chini ya bodi ya gari la marehemu Baba na vidole vyangu vinne vikatokeza juu ya sakafu kama uyoga uliochipuka usiku.

Kaka yangu mdogo, ambaye ndiye dereva, alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Kutu ilikuwa imekula bati kuanzia karibu na mlango wa nyuma hadi katikati.

Labda wewe msomaji unayeishi mjini utauliza, tundu katika sakafu ya pikapu kuukuu lina neno gani? Kwetu lina neno kubwa. Gari hilo ndilo hubeba viazi na karoti za Mama kutoka Njabini, Kinangop Kusini, hadi sokoni Nairobi. Pesa za viazi hivyo ndizo karo ya binti ya marehemu dada yetu. Na mwezi wa Januari, tulipompeleka msichana huyo katika shule ya bweni, mvua ilitukuta njiani bila kifuniko chochote isipokuwa karatasi ya nailoni iliyopasuliwa na upepo kabla hatujafika Kimende. Godoro lake lilifika likiwa limelowa kama sifongo. Usiku wake wa kwanza katika shule ngeni alilala juu ya sanduku lake na blanketi la kuazima. Hakutuambia. Tuliambiwa na mwalimu.

Basi familia iliketi na kuhesabu akiba yake. Ilikuwa shilingi 45,000, wala hazikuwapo nyingine. Kwa fedha hizo ilitupasa kuziba sakafu, kuilinda isiozе tena, na kuipatia bodi kifuniko. Kaka alikuwa tayari ameamua moyoni mwake. Alitaka kanopi ya bati iliyofungwa pande zote, yenye madirisha madogo na benchi mbili ndani.

"Siku zisizo za viazi nitabeba watu wa kwenda sokoni," alisema. "Kaka, gari litajilipa lenyewe kabla ya Krismasi."

Mama, ambaye alikuwa akimenya viazi, hakusema lolote. Wanaomjua Mama wanafahamu kwamba kimya chake si ishara ya kukubali.

Mtaa wa Grogan

Anayetafuta kitu chochote cha gari jijini Nairobi hatimaye hujikuta katika Barabara ya Kirinyaga. Kwenye ramani hilo ndilo jina lake, lakini mafundi na makanga wengi bado huiita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoikamilisha mwaka wa 1900. Sijui kama mzee huyo angeitambua barabara yake leo. Kando kando kuna maduka ya vipuri yaliyosongamana kama meno ya chanuo, na nyuma yake, kuelekea Mto Nairobi, ni milango ya magari, bampa, radieta na mafundi waliolala chali chini ya injini.

Ukifika hapo na pikapu iliyotoboka, huna haja ya kuuliza. Wataulizwa wao. Kabla hatujazima injini, vijana watatu walikuwa wamekwisha kuinama chini ya bodi.

"Mdosi, hii si kazi. Hii ni nusu saa!" akasema mmoja.

"Nusu saa gani?" akamkemea mwingine. "Hii bodi inatupwa. Nina nyingine, safi, karibu mpya."

Ushauri wangu wa kwanza kwa msomaji ni huu: anayekuambia nusu saa na anayekuambia utupe, wote wawili waage kwa heshima. Sisi tulizunguka mpaka tukampata mzee mmoja mwenye aproni ya ngozi, aliyekuwa akigongagonga bodi ya pikapu nyingine kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, mithili ya daktari anayepima kifua. Hakutuita. Ndiyo sababu tulimwendea.

Mzee huyo alianza kazi ya bati Kamukunji, penye mabanda ya jua kali ambako hata leo hufuliwa masanduku ya wanafunzi, makarai na majiko. Alikumbuka mwaka wa 1985, Rais Moi alipowatembelea mafundi hao waliokuwa wakichomwa na jua na kuahidi kwamba watajengewa mabanda. Pia alizikumbuka pikapu za enzi hizo, hasa zile Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa humu nchini.

"Siku hizo kazi yetu ilikuwa kanopi," alitwambia. "Pikapu ikija uchi asubuhi, jioni inaondoka ikiwa matatu."

Alisema kweli. Baada ya Mzee Kenyatta kuziruhusu matatu mwaka wa 1973 zibebe abiria bila leseni maalumu, pikapu nyingi zilivishwa kanopi za bati na kuwekwa benchi mbili, abiria wakatazamana magoti kwa magoti. Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Vijana, waulizeni wazazi wenu jinsi ilivyokuwa kusafiri na kuku mapajani na kiwiko cha mtu usiyemjua mbavuni.

Kaka aliposikia hayo alinikonyeza kana kwamba kesi yake imekwisha kuamuliwa.

Plastiki, mpira au bati?

Lakini kwanza sakafu. Mzee alitwambia twende tukatazame kila kinachouzwa mjini kisha turudi, kwa kuwa hakutaka kulaumiwa baadaye. Tukafanya ziara ambayo ilitumaliza siku nzima, nami naisimulia hapa ili wewe usiirudie.

Katika duka la kwanza tulionyeshwa sinia kubwa la plastiki nyeusi, lililotengenezwa kwa umbo la bodi. Unalitumbukiza ndani, unakaza bolti chache, kazi imekwisha. Kaka alilipenda papo hapo. Linang'aa, halitobolewi kwa urahisi na jembe wala jiwe, na mzigo huteleza juu yake bila kukwaruza rangi.

Hapo kwenye kuteleza ndipo penye faida na hasara. Gunia huteleza likiingia, lakini pia huteleza gari likifunga breki. Na kuna jambo lingine, ambalo mzee wa Grogan alituonyesha tuliporudi. Aliivuta plastiki kama hiyo kutoka kwenye gari la mteja wake. Juu ilikuwa safi. Chini yake palikuwa na mchanga, maji yaliyotuama, na kutu iliyochora ramani ya dunia. Gari linapotikisika, plastiki husugua rangi na mchanga ulionaswa hufanya kazi ya msasa. Maji nayo huingia na hayakauki. Mwenye gari anadhani amelilinda kumbe amelifunika tu macho yake.

Anayeipenda plastiki asiogope, bali aing'oe mara kwa mara, aoshe chini yake na kuhakikisha vile vitundu vya kutolea maji vilivyo sakafuni havijazibwa.

Hatari ya pili ya plastiki ni ya moto, na naomba uisome pole pole. Mnamo 1998 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi ilitoa onyo baada ya visa vya watu kuungua wakijaza petroli katika mitungi iliyokuwa imewekwa ndani ya pikapu zenye plastiki sakafuni. Petroli ikimiminika ndani ya mtungi hujenga umeme tuli, kama ule unaosikia unapovua sweta ya nailoni usiku wa baridi. Mtungi ukiwa chini, umeme huo hupata njia ya kuingia ardhini. Ukiwa juu ya plastiki, hauna pa kwenda, na cheche moja karibu na mvuke wa petroli yatosha. Kaka hununua petroli ya pampu ya maji kila wiki mbili, naye siku zote alikuwa akijaziwa mtungi ukiwa hapo hapo nyuma ya gari. Tangu siku hiyo huuteremsha na kuuweka chini, akisubiri ujazwe ndipo aupakie. Hata kama pikapu yako haina plastiki, fanya hivyo hivyo.

Kutoka hapo tulikwenda Industrial Area, kwenye karakana safi ambayo ilinifanya nipanguse viatu mlangoni. Huko hupuliza mpira wa majimaji. Dawa mbili hupashwa moto, hukutana kwenye ncha ya bomba, na zinapogusa bati hugeuka ngozi ngumu katika muda mfupi sana. Ngozi hiyo yenye unene wa milimita chache hushikana na bodi moja kwa moja, hivyo maji hayana upenyo wa kuingia chini yake. Uso wake una chembechembe, kwa hiyo mzigo hauserereki ovyo.

Kijana wa pale alikuwa mkweli. Aliitazama pikapu yetu akatikisa kichwa. "Kaka, hatupulizi juu ya kutu. Ikishikana na kutu, kutu ikibanduka nayo inabanduka. Zibeni kwanza, pigeni msasa kote, ndipo mje." Alipotaja bei, mimi na ndugu yangu tulitazamana kama abiria wa kanopi. Kwa gari jipya, la mtu anayekusudia kulitunza miaka mingi, sina shaka hiyo ndiyo kinga bora. Kwa gari letu ingekuwa sawa na kumnunulia babu suti ya harusi kabla ya kumtibu jino.

Tuliona pia mkeka mzito wa mpira. Huo ni rahisi na hauruhusu mzigo kuteleza, na waweza kuutoa na kuuosha. Kwa mtu wa mjini anayebeba friji ya rafiki mara moja kwa mwezi, watosha kabisa. Haulindi kuta za bodi, lakini nani alisema kila pikapu inapigwa ubavuni?

Mwisho tukarudi kwenye bati nene lenye vinundu, lile linalokanyagwa na makanga kwenye ngazi za mabasi. Lipo la chuma na lipo la alumini. Mzee alichukua kipande cha chaki akatupigia hesabu sakafuni. Bodi yetu ina urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5. Chuma cha milimita 3 kwa eneo hilo kina uzito wa kilo 80 hivi. Cha milimita 2 ni kama kilo 55. Alumini ya milimita 3 haifiki kilo 30.

"Gunia la viazi kisheria ni kilo 50," akasema. Kanuni hiyo ni ya mwaka wa 2019, iliyokusudiwa kumaliza lumbesa. "Sasa ukiweka chuma cha milimita 3, kila safari unabeba gunia moja na nusu ambalo huliuzi. Umeelewa?"

Nilielewa. Kaka naye, ambaye hujaza mafuta ya gari kwa mfuko wake, alielewa zaidi.

Alumini ingetufaa kwa wepesi lakini bei yake ilitupita. Vilevile mzee alitutahadharisha kwamba alumini ikigusana na chuma kitupu penye maji na chumvi, huanza kuliwa. Anayeiweka hana budi kupaka rangi vizuri na kutia mpira katikati. Tukaafikiana: aikate sehemu yote iliyooza, achomelee bati jipya, apige rangi nyekundu ya kuzuia kutu juu na chini, kisha aweke bati la vinundu la milimita 2. Nalo lisichomelewe bali lifungwe kwa bolti, ili mara mbili kwa mwaka tulinyanyue tuoshe chini yake.

Kifuniko nacho ni mtihani

Kuhusu kifuniko, jambo la kwanza si bei. Jiulize unabeba nini.

Kuna vile vifuniko vya kulala, ambavyo hufunika bodi usawa wa kuta zake. Vingine ni turubai laini la kukunja kama mkeka, vingine ni vigumu na vina kufuli. Mtu wa mjini anayeacha mizigo yake nje ya duka la jumla atavifurahia, maana mwizi haoni kilichomo. Mkulima wa kabichi afanye nini navyo? Kabichi hazijui usawa wa kuta. Hupangwa zikapanda mpaka zikatazama paa la kabati la dereva.

Kuna kanopi za faiba, ambazo ni nyepesi na nadhifu, huonekana sana kwenye magari ya watalii na ya mashirika. Kuna kanopi za chuma, imara lakini nzito, nazo uzito wake huwa juu, hivyo gari huyumba zaidi kwenye kona. Na kuna turubai juu ya matao ya vyuma, ambalo ni jambo la kale lakini halijapitwa na wakati.

Mazao pia yana tabia zake. Viazi vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu, kwa hiyo vyahitaji giza. Lakini hata gizani vinapumua, na ukivifungia bila hewa vitatoka jasho na kuoza. Kabichi na karoti ni hivyo hivyo. Turubai la plastiki halipitishi maji wala hewa. Turubai la pamba hupumua kidogo lakini likilowa huwa zito kama maiti. Fundi wa kushona alitushauri tuchukue la plastiki lakini lifunguke mbele na nyuma, na mapande yake yaweze kukunjwa juu njia ikiwa kavu.

Mpaka hapo mimi nilikuwa upande wa turubai na Kaka upande wa kanopi ya chuma yenye benchi. Hatukuelewana. Tukaenda nyumbani Njabini Jumapili, kila mmoja akiwa na hoja zake za kumweleza Mama.

Aliyoyakumbuka Mama

Njabini ni mahali pa baridi, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Nyandarua. Jioni hakuna anayekaa mbali na jiko. Kaka alieleza mpango wake vizuri: watu kumi, mara mbili kwa siku, siku za soko. Alizungumza juu ya karo, nami nikaona kwamba hakuwa akijitafutia makuu. Hoja yake ilikuwa nzito, maana viazi havina bei ya kutegemea. Msimu mmoja unacheka, msimu wa pili unalisha ng'ombe.

Mama alisukuma kuni ndani. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umewahi kupanda gari kama hilo."

Kaka akasema hakumbuki.

"Huwezi kukumbuka. Ulikuwa mgongoni."

Akatusimulia safari ya miaka ya themanini ambayo sisi hatukuwahi kuisikia. Alitoka Nairobi jioni ndani ya pikapu yenye kanopi. Mvua ilikuwa ikinyesha, basi madirisha yakafungwa na turubai dogo la nyuma likateremshwa nusu. Walipofika Limuru kichwa kilikuwa kinamgonga. Mbele kidogo mzee aliyeketi mkabala naye akaanza kusinzia, kisha mwanamke aliyekuwa kando yake, na kila mtu akadhani ni uchovu. Mama alipomgusa mtoto mgongoni ili ambadilishe upande, shingo ikaanguka kama ya kuku aliyechinjwa. Mama akapiga kelele. Mwanamume mmoja akagonga bati kwa ngumi hadi dereva akasimama msituni Kinale. Walimteremsha mtoto kwenye mvua na baridi, wakampepea. Baada ya muda ambao Mama anasema hajui kama ulikuwa mfupi au mrefu, mtoto akakohoa na kulia.

"Watu walisema ni jini la msituni," Mama alimalizia. "Marehemu baba yenu alisema ni moshi wa gari. Mtoto mwenyewe ndiye wewe."

Baba alikuwa amesema kweli. Gari lililofunikwa nyuma, hasa likiachwa wazi upande wa mlango, huvuta hewa kuingia ndani linapokwenda mbio, na hewa hiyo huja pamoja na moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala haina harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Anayeivuta huumwa na kichwa, huona kichefuchefu, husinzia, na akiachwa hapo haamki. Watoto hudhurika upesi. Zaidi ya hayo, mtu aliyeketi nyuma ya pikapu hana mkanda wala kiti. Gari likipinduka, kanopi haitamkinga.

Kaka alikaa kimya muda mrefu. Hakusema kwamba ameshindwa, na mimi sikumwambia. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwa na kanopi," Mama akamjibu.

Safari ya mwezi wa Aprili

Kazi ilichukua siku tano, wala si nusu saa. Mzee wa Grogan alikata, akachomelea, akapaka rangi mara mbili na kutulazimisha kungoja ikauke. Fundi wa kushona, ambaye kazi yake ya kila siku ni viti vya magari, alitupima matao matatu ya vyuma yanayochomolewa, akashona turubai la kijani lenye pete za chuma kila baada ya futi moja. Kamba zake ni vipande vya tyubu za magurudumu, ambavyo havipigi kelele na havikatiki ovyo. Tulibakiwa na shilingi 1,200, tukala nyama.

Mwishoni mwa Aprili, shule zilipofunguliwa, tulipakia tena. Magunia kumi ya viazi, tukayasukuma mbele karibu na kabati ili uzito usilale nyuma. Magunia manne ya karoti yakafuata. Juu yake sanduku la msichana na godoro, lile lile la Januari, ambalo lilikauka lakini likabaki na alama ya maji yenye umbo la wingu. Msichana aliliona godoro likipakiwa, akatazama mbinguni, akatazama turubai. Hakusema neno. Aliketi mbele katikati yetu, mkanda amefunga.

Tuliondoka Njabini jua likiwaka. Pale Flyover, tulipoingia barabara kuu, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya msitu kama kina mama wa mazishi. Soko Mjinga wachuuzi walikuwa tayari wanafunika karoti zao zilizooshwa zikang'aa. Kaka akasimamisha gari, akashuka, akateremsha mapande ya turubai na kukaza tyubu moja baada ya nyingine, akizunguka gari mara mbili. Zamani asingezunguka hata mara moja.

Mvua ilitupata Kinale. Si mvua ya kuambiwa. Ukungu ulishuka hadi magari yakawasha taa saa nane mchana, na malori yaliyokuwa yakipanda yaliturushia maji ya matope hadi kwenye kioo. Nilisikia turubai likipigwa kama ngoma. Kila niligeuka kuchungulia kupitia kioo cha nyuma, sikuona chochote isipokuwa kijani. Msichana alikuwa ameshika mikono yake kati ya magoti. Tulipopita mahali fulani penye miti mirefu, Kaka alipunguza mwendo, akatazama kando ya barabara kwenye nyasi. Sikumuuliza anatazama nini.

Tulifika shuleni mvua ikiwa imepungua. Kaka alifungua nyuma, akaingiza mkono chini ya godoro, akautoa na kuukung'uta. Ulikuwa mkavu. Msichana naye hakuridhika mpaka ameingiza wake. Kisha akalibeba godoro lenyewe kichwani, akakataa tusimsaidie, akaenda nalo bwenini mbele ya wenzake akitembea kama bibi harusi.

Nisiseme uongo kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Sokoni Nairobi tuligundua gunia moja la viazi la mbele limelowa pembeni. Maji yalikuwa yamepenya pale turubai linapokutana na kabati, upepo ulipolisukuma. Fundi wa kushona aliongeza ulimi wa turubai sehemu hiyo siku iliyofuata, wala hakutaka malipo. Na karo? Bado tunaitafuta kwa viazi, msimu kwa msimu. Kaka hakupata watu wake kumi kwa siku. Sasa hubeba mizigo ya majirani wanaohama nyumba, kwani wenye magodoro na makochi humpigia simu yeye kwanza mvua ikitanda. Si pesa nyingi, lakini zipo.

Basi msomaji, ukienda kununua nguo ya pikapu yako, uende ukijua unachobeba, na uanze na kutu kabla ya kuanza na mapambo. Acha vitundu vya maji wazi. Chagua kinga unayoweza kuinyanyua na kuiosha chini yake, au ile inayoshikana na bati kabisa. Mtungi wa petroli uteremshe chini kabla haujajazwa. Na nyuma ya gari weka mizigo. Watu, hasa watoto, waketi mbele au wapande basi.

Tuliporudi Njabini jioni hiyo, Mama alitoka na taa, akaizunguka pikapu, akagonga turubai kwa kidole. Akainama akatazama bati jipya la sakafu.

"Mmelifunga kwa bolti?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Baba yenu naye angetaka aone kilicho chini."